Kulungu wa Umma, Ardhi ya Mtu: Kisa cha Wisconsin, 2002

Tarehe 28 Februari 2002 idara ya maliasili ya Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ilitangaza kwamba kulungu watatu waliopigwa risasi na wawindaji Novemba iliyotangulia wamekutwa na ugonjwa wa kukondesha unaoitwa kwa kifupi CWD. Wote watatu walipigwa karibu na mji mdogo wa Mount Horeb, magharibi mwa Madison, mji mkuu wa jimbo hilo, katika umbali usiozidi kilomita 5. Hadi siku hiyo ugonjwa huo haukuwa umewahi kuonekana mashariki mwa mto Mississippi.

Miezi michache baadaye jimbo lilitoa uamuzi mzito: kulungu wote wa eneo la takriban maili mraba 400, waliokadiriwa kufika 25,000, wauawe. Lengo halikuwa kuwapunguza, lilikuwa kuwamaliza. Na karibu ardhi yote ya eneo hilo ilikuwa mikononi mwa watu binafsi: wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakulima wa mahindi, na watu wa mjini walionunua ekari zao ili wapate mahali pa kuwinda na watoto wao.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema jimbo lilikurupuka likaua wanyama bure, na wapo wanaosema wenye mashamba walikuwa wabishi wakauachia ugonjwa njia. Kila upande una ushahidi wake, lakini naona pande zote mbili zinapita kando ya mahali kisa kilipoharibikia. Jimbo liliweka lengo ambalo mwenye ardhi asingeweza kulitimiza bila kuacha kuwa mwindaji. Kisha likapima kazi yake kwa lengo hilohilo, likajiona limeshindwa, na likaiacha kazi ambayo takwimu zilikuja kuonyesha kuwa ilikuwa ikiuzuia ugonjwa.

Mnyama wa nani, lango la nani

Kulungu wa Marekani si mali ya mwenye shamba, hata kama amezaliwa kwenye shamba hilo na kula mahindi yake tangu udogo. Ni amana ya umma na jimbo ndilo msimamizi. Mwenye shamba haruhusiwi kumpiga nje ya msimu, wala kumpiga bila leseni, wala kuuza nyama yake. Lakini ardhi ni yake, na asipotaka mtu aingie na bunduki hakuna mwindaji anayeweza kuingia, wala mdunguzi, yaani mpiga shabaha, wa serikali. Jimbo lina mnyama, mtu ana lango.

Msomaji wa Tanzania, ambako wanyamapori wako chini ya serikali na ardhi nayo ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, au wa Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kuuona mpangilio huu wa ajabu. Ashike tu jambo moja: katika eneo la Mount Horeb jimbo halikuweza kutekeleza lolote bila kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kila kulungu mgonjwa alikuwa amesimama kwenye shamba la mtu.

Na mashamba yenyewe ni ya namna yake. Sehemu ile ya kusini-magharibi mwa Wisconsin haikupitiwa na barafu kuu za kale zilizosawazisha majimbo ya jirani, kwa hiyo ni nchi ya vilima vyenye miteremko mikali na mabonde membamba. Juu ya vilima ni misitu ya mialoni inayodondosha matunda kila vuli, na bondeni ni mahindi, soya na majani ya alfalfa. Kulungu hana haja ya kwenda mbali. Msitu unamficha, shamba linamlisha, na jike mzima aliyeshiba huzaa mapacha mara nyingi. Ndiyo maana eneo lile lilikuwa na kulungu wengi kiasi kile, takriban 60 kwa kila maili mraba ukigawanya hesabu ya jimbo lenyewe.

Msimu mkuu wa bunduki huanza Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na hudumu siku tisa. Wakati ule zaidi ya watu 600,000 walikuwa wakiingia msituni katika siku hizo, wamevaa mavazi ya rangi ya chungwa inayowaka ili wasipigane risasi kwa makosa. Mwenye ekari 80 huwa na dungu lake juu ya mti, na ndugu na wakwe huja na kugawana sehemu za kukaa. Mtoto wa miaka 12 hupanda dungu na babu yake kwa mara ya kwanza. Nyama hujaza friza na huliwa hadi majira ya joto. Wengi pia walikuwa wameanza kuilea ardhi yao kwa ajili ya kulungu: wanapanda vipande vya klova, majani ya malisho, na kabichi za mifugo, na dume mchanga akipita wanamwacha, wakitumaini atarudi baada ya miaka miwili au mitatu akiwa na pembe kubwa. Huyo dume mzima, anayetembea mbali zaidi na kukutana na wenzake wengi zaidi, ndiye aliyekuja kuonekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mgonjwa.

Ugonjwa usiokufa jikoni

CWD haitokani na bakteria wala virusi. Chanzo chake ni prioni, yaani protini ya mwilini iliyokunjika vibaya, ambayo ikigusana na protini nzima ya aina yake huifanya nayo ikunjike vibaya, hadi ubongo unajaa matundu madogo. Ni ukoo mmoja na ugonjwa wa ng'ombe kichaa na ule wa kondoo uitwao skrepi. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 miongoni mwa kulungu waliofungiwa katika kituo cha utafiti huko Fort Collins, Colorado, na mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari wa mifugo Elizabeth Williams akaonyesha kuwa ni ugonjwa wa ubongo wa kundi hilo. Mnyama aliyeambukizwa hukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi bila dalili. Kisha hukonda, hudondosha mate, hupoteza woga na kufa. Hapana dawa wala chanjo.

Mambo mawili kati ya hayo ndiyo yaliyokiendesha kisa chote. La kwanza ni kwamba mgonjwa huonekana mzima. Kulungu mnene anayeruka uzio wako anaweza kuwa anatoa prioni katika mate, mkojo na kinyesi, na hakuna njia ya kawaida ya kujua mpaka auawe na tezi za koo au kipande cha shina la ubongo vipelekwe maabara. La pili ni udongo. Prioni hukaa ardhini kwa miaka, hasa ikishikamana na udongo wa mfinyanzi, na inabaki na uwezo wa kuambukiza. Moto wa jikoni hauiui. Ugonjwa ukishazoea mahali, hata ukiondoa wanyama leo, ardhi yenyewe inabaki na deni.

Wanasayansi wa jimbo walilijua hilo, na haraka yao ilikuwa na sababu. Baada ya tangazo la Februari walikusanya sampuli zaidi kuzunguka pale, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Kati ya kulungu 476 waliopimwa ndani ya kilomita 18, takriban asilimia 3 walikuwa wagonjwa. Idadi hiyo ni ndogo ukiitazama kwa macho ya mwenye shamba: 97 kati ya 100 ni wazima. Kwa macho ya mtaalamu wa magonjwa ndiyo nafasi ya mwisho. Tena kumbukumbu ya Uingereza ilikuwa mbichi. Ni miaka sita tu ilikuwa imepita tangu serikali ya huko ikiri, mwaka 1996, kwamba ng'ombe kichaa amefika kwa binadamu. Watu 178 wamekufa Uingereza kwa ugonjwa huo. Hakuna aliyetaka kuwa ofisa aliyesubiri.

Kile walichoombwa kufanya

Kwa hiyo majira ya joto ya 2002 wenye mashamba walipewa vibali vya kupiga kulungu kwa vipindi maalumu kuanzia Juni, na baada ya hapo msimu wa bunduki katika eneo la kuangamiza ukarefushwa kutoka vuli hadi ndani ya majira ya baridi. Kuwalisha kulungu na kuwawekea chambo kukapigwa marufuku. Yakaletwa masharti kwamba huruhusiwi kupiga dume mpaka kwanza umewasilisha jike. Wadunguzi wa serikali wakaandaliwa kufanya kazi katika mashamba ambayo wenyewe wangekubali. Baadaye zawadi za fedha nazo zilijaribiwa.

Ukisoma orodha hiyo ukiwa ofisini, inaeleweka. Isome sasa ukiwa juu ya dungu. Juni ni mwezi ambao ndama wa kulungu bado wana madoa meupe mgongoni na wananyonya. Mwindaji aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwezi huo bunduki inakaa kabatini anaambiwa aende akapige jike mbele ya watoto wake, kisha awapige na watoto. Ni joto, nyama inaharibika upesi. Majibu ya maabara yanachukua wiki kadhaa. Baadhi ya madampo yanasita kupokea mizoga kwa kuogopa prioni katika maji yatakayotoka humo, na hilo peke yake linatosha kumtisha mtu: kama dampo linakataa, mimi nile?

Maadili ya uwindaji kule, kama yalivyo kwa wasasi wengi duniani, yana nguzo ambazo hazijadiliwi. Unachoua unakila au unampa anayekula. Humalizi kundi. Unaacha mbegu ya mwaka kesho. Mpango wa 2002 uligusa nguzo zote tatu kwa mara moja, na uliwagusa watu walewale ambao bila mikono yao usingewezekana. Thomas Heberlein, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyechunguza mwitikio huo, alitoa hoja ambayo sijaona aliyeipangua: wawindaji hawana desturi wala uwezo wa kumaliza kulungu wa eneo kubwa kama lile, na hilo lilijulikana kabla ya risasi ya kwanza. Mwindaji wa kawaida anataka kulungu mmoja au wawili kwa mwaka. Friza ikijaa, anashuka mtini. Leseni za bunduki zilizouzwa jimboni mwaka 2002 zilipungua kwa takriban asilimia 10. Jimbo lilihitaji wawindaji wengi kuliko wakati wowote, likapata wachache. Kikazuka na kikundi kilichojiita Citizens Against Irrational Deer Slaughter, na mabango ya kupinga yakasimama kando ya barabara.

Kutoaminiana huku kulikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1943, kulungu walipokuwa wanakufa njaa kaskazini mwa jimbo kwa kuzidi uwezo wa msitu, kamisheni ya uhifadhi iliruhusu msimu wa kupiga majike na watoto. Aldo Leopold, profesa wa usimamizi wa wanyamapori aliyekuwa na shamba lake mwenyewe kando ya mto Wisconsin, alikuwa mjumbe mpya wa kamisheni hiyo na aliunga mkono. Waliuawa kulungu wapatao 128,000. Kisayansi Leopold alikuwa sahihi, lakini wawindaji waliubatiza msimu ule jina la uhalifu wa '43, na jina likadumu kwa vizazi. Ofisa aliyegonga mlango Mount Horeb mwaka 2002 alikuwa anaingia katika ugomvi wa zamani, na sioni dalili kwamba mpango uliandikwa kwa kulikumbuka hilo.

Hesabu ya ekari 80

Twende kwenye shamba lenyewe, maana hapa ndipo mantiki ya kuangamiza inapovunjika. Maili mraba moja ni ekari 640. Ikiwa kuna kulungu 60 kwa kila maili mraba, mwenye ekari 80 ana wanane hivi kwa wastani. Sema ni mtu anayeliamini jimbo na ana ndugu wenye shabaha. Wanawapiga wote wanane.

Kulungu hao hawakuwa wa ekari 80. Jike huzunguka eneo la ekari mia kadhaa, kwa hiyo wanane wale walikuwa sehemu ya familia zinazolala kwa jirani na kula kwake. Baada ya risasi za wiki ya kwanza waliobaki wanajifunza: wanatembea usiku, na mchana wanajificha kwenye shamba ambalo mwenyewe amefunga lango. Shamba moja lililofungwa katikati ya matano yaliyofunguliwa linageuka kimbilio. Majira ya kuchipua yakifika, madume ya mwaka mmoja yanaondoka kwa mama zao na kutafuta makazi mapya, mengine kilomita nyingi, na shamba lililobaki tupu linapata wakazi. Mwenye shamba aliyetii ametoa alichokuwa nacho, na Novemba anawaona kulungu wakichezea upande wa pili wa uzio.

Hasira ya mtu huyo naielewa kabisa. Lakini jirani aliyefunga lango naye hawezi kuachwa bila kuguswa. Alikuwa na haki ya kufunga, na sheria ilimlinda. Matokeo ya haki hiyo, hata hivyo, hayakubaki ndani ya uzio wake. Kulungu aliowakinga, baadhi yao wakiwa wagonjwa, waliendelea kumwaga prioni katika udongo ambao watoto wake watarithi. Wapo waliofunga kwa kupenda wanyama na wapo waliofunga kwa sababu walikuwa wametumia fedha nyingi kuwalea madume yenye pembe. Sababu ya pili sina huruma nayo.

Afrika ilipitia jambo linalofanana. Wakati wa ukoloni, huko Southern Rhodesia na baadaye Ankole nchini Uganda, wanyamapori waliuawa kwa wingi ili ndorobo akose damu na ng'ombe wapone nagana, ugonjwa anaoueneza mdudu huyo. Tofauti ni kwamba wenyeji wa ardhi ile hawakuulizwa. Wisconsin waliulizwa, na ndiyo sababu kisa chao kina la kuwafundisha watunga mipango: pale palipo na kuuliza, jibu linaweza kuwa hapana, na mpango usio na nafasi ya jibu hilo unakufa siku linapotolewa.

Jirani wa kusini

Vuli ya mwaka huohuo CWD ilionekana upande wa pili wa mpaka, kaskazini mwa Illinois. Jimbo hilo halikutangaza kumaliza kulungu. Lilichagua kazi ndogo ya kurudiarudia. Kila mwaka baada ya msimu wa kawaida kufungwa, kuanzia Januari hadi Machi, wafanyakazi wa jimbo walikwenda kwenye vipande vya ardhi ambapo kulungu wagonjwa walikuwa wameonekana, wakaomba ruhusa kwa wenye mashamba hayo, na kupiga kulungu waliokuwa jirani kabisa na hapo. Majike wa ukoo mmoja hukaa pamoja na huambukizana, kwa hiyo kumwondoa mgonjwa na jamaa zake wa karibu ni kuondoa sehemu kubwa ya hatari. Nyama iliyopimwa ikaonekana salama iligawiwa kwa wahitaji. Mwenye shamba aliendelea kuwinda Novemba kama babu yake. Alichoombwa ni kufungua lango kwa majuma machache ya baridi, mahali palipothibitika kuna ugonjwa.

Wisconsin nayo ilikuwa na wadunguzi wake, lakini kazi yao ilifunikwa na kelele za lengo kuu. Mwaka 2006 wakaguzi wa bunge la jimbo walitoa ripoti: zaidi ya dola milioni 30 zimetumika, na kulungu katika eneo la kuangamiza hawajapungua kama ilivyokusudiwa. Ukilinganisha na sifuri, hiyo ni hukumu ya kushindwa. Mwaka 2007 udunguzi wa serikali ukaachwa.

Watafiti wa Illinois baadaye walizilinganisha takwimu za majimbo yote mawili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Katika miaka ya 2003 hadi 2007, wakati pande zote mbili zilikuwa zikitumia wadunguzi, kiwango cha maambukizi katika maeneo waliyolinganisha kilikuwa karibu asilimia 1 kote. Baada ya Wisconsin kuacha, kiwango chake kilianza kupanda mwaka hata mwaka, kikawa wastani wa asilimia 3 hivi kati ya 2008 na 2012. Illinois ilibaki palepale kwa kipindi chote kile, hadi 2012.

Ulinganisho huu si safi. Ugonjwa ulikuwa umeota mizizi Wisconsin kabla ya kugunduliwa, eneo lake lilikuwa pana zaidi, na hata Illinois umeendelea kusambaa polepole tangu hapo. Anayeziona takwimu hizi kama uthibitisho wa mwisho anazidisha. Ninachokichukua kutoka kwazo ni kidogo zaidi na bado kinauma: kwa miaka mitano Wisconsin ilikuwa imeushika ugonjwa mkono, na haikujua, kwa sababu ilikuwa ikihesabu kulungu waliobaki hai badala ya kuhesabu walioambukizwa. Kama lengo la 2002 lingekuwa kuubakiza ugonjwa chini ya asilimia fulani, ripoti ya 2006 ingesomeka kama sababu ya kuongeza bajeti.

Siasa ikamalizia. Mwaka 2011 bunge la jimbo liliondoa sharti la jike kabla ya dume, na gavana Scott Walker akamteua James Kroll, mtaalamu wa kulungu kutoka Texas, kuutathmini usimamizi wote. Ripoti yake ya 2012 ilipendekeza jimbo lipunguze mkono wake katika CWD na lijenge uhusiano na wenye ardhi. Pendekezo la pili lilikuwa jema, na mwaka 2014 ulianzishwa mpango ambao mwenye shamba anaandikisha ardhi yake na kupata ushauri wa mtaalamu anayekuja kutembea naye msituni. Laiti mtaalamu huyo angetumwa mwaka 2002, kabla ya kibali cha Juni. Pendekezo la kwanza lilikuwa ni kukubali ugonjwa uende unakotaka, na umekwenda. Katika baadhi ya kaunti za kusini-magharibi sasa dume mzima mmoja kati ya watatu, na kwingine zaidi ya hapo, ana ugonjwa. Kwa jimbo zima vipimo vinavyoonyesha ugonjwa vimezidi 1,500 kwa mwaka.

Friza ya leo

Mwenye shamba wa Mount Horeb leo hukata kichwa cha kulungu wake, hukiweka kwenye mfuko pamoja na karatasi inayoonyesha mahali alipompigia, na kukiacha kwenye kibanda cha kukusanyia sampuli. Huduma ni bure. Nyama hukaa kwenye friza ikiwa na namba mpaka majibu yatoke. Mpaka sasa hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa kula kulungu mwenye CWD, lakini mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa inashauri wanaowinda katika maeneo yenye ugonjwa wapime kabla ya kula, na wasile mnyama aliyeonekana kuwa nao.

Nalieleza hili kwa makusudi, maana wapo wasomaji wa Kiswahili wanaoishi katika majimbo yale ya kati ya Marekani, na nyama ya kulungu hugawiwa majirani na wafanyakazi wenza kwa ukarimu mkubwa kila Desemba. Ukipewa, shukuru, kisha uliza kulungu alipigwa kaunti gani na kama amepimwa. Mwindaji makini hataona vibaya, yeye mwenyewe amesubiri majibu hayohayo. Akisema hajapima na kaunti ni ya ugonjwa, si utovu wa adabu kuikataa. Kuichemsha sana hakusaidii kitu. Ukipewa mnyama mzima wa kuchuna, usipasue ubongo wala uti wa mgongo, vaa glavu, na mabaki yapeleke dampo linaloyapokea, usiyatupe porini.

Kuanzia mwaka 2016 jimbo na washirika wake walirudi katika vilima vilevile na ombi jingine kabisa. Walitaka kuwakamata kulungu wakiwa hai, kuwapima, kuwavisha mikanda ya shingoni yenye vifaa vya kufuatilia mwendo, na kuwaachia. Kazi hiyo nayo ilihitaji malango ya watu binafsi, na safari hii malango yalifunguliwa: kulungu zaidi ya 1,000, wakubwa na ndama, walivishwa mikanda kwenye mashamba ambayo wenyewe waliridhia, na baadhi ya wenye mashamba walitoka kwenye baridi kusaidia kukagua mitego. Matokeo yalionyesha kwamba jike asiye na ugonjwa ana uwezekano wa asilimia 83 hivi wa kumaliza mwaka akiwa hai, na aliyeambukizwa asilimia 41. Kwa madume ni 69 dhidi ya 17. Maana yake ni kwamba maambukizi yakiendelea kupanda, kulungu wa vilima vile wataanza kupungua wenyewe, bila kibali cha Juni na bila mdunguzi. Idara sasa inazo takwimu hizo, zilizotoka katika ardhi ya wapiga kura wenyewe, na uamuzi wa kurudi au kutorudi kwenye kazi ndogo ya majuma machache ya baridi uko mikononi mwa jimbo.